Korosho Mbovu za Mama Somoe

Jumatano, 5 Novemba
Nimeokota korosho, nimeanika, nimepindua. Peke yangu. Mwanangu Somoe yuko bweni Masasi, kidato cha tatu. Baba yake tulimzika mwaka juzi. Nikipiga chafya nyumba hii hakuna wa kunijibu.

Mwalimu wao wa fizikia kapiga simu. Wanaunda roboti ya kuchambua korosho kwa mashindano ya shule. Ina kamera: nzuri inatupa ndoo hii, mbovu ndoo ile. Anataka mifuko miwili, mmoja nzuri, mmoja mbovu, waifundishie. Wakishinda wanakwenda Dodoma. Katika wazazi wote kanipigia mimi.

Ijumaa, 7 Novemba
Mifuko imeondoka. Wa nzuri, ukiutikisa unalia kama kokoto. Wa mbovu nimeweka ndogondogo, lakini safi, kavu. Zenye madoa meusi na zilizooza nimeziacha uvunguni. Newala nzima inanijua kwa korosho za daraja la kwanza. Siwezi kupeleka uozo wangu ukatazamwe na walimu.

Jumanne, 11 Novemba
Nimejisifu gengeni mpaka jirani yangu Mama Issa akauliza, "Mama Somoe, hiyo roboti mahari yake umeshapanga?" Wakacheka. Nami nikacheka. Kufika nyumbani, kimya. Nimepika ugali wa watu wawili tena.

Jumamosi, 15 Novemba
Masasi. Ukumbi umejaa. Somoe kashika kipaza sauti. Huyu niliyekuwa nikimtuma apeleke salamu kwa mjomba wake, anarudia njiani kwa aibu. Nikamwambia mama wa pembeni, yule wangu. Nikamwambia na wa mbele.

Majaji wakamimina korosho zao. Kubwa kubwa, nyingine zimeoza kabisa. Roboti ikazipeleka zote ndoo ya nzuri. Moja, nyingine, nyingine. Nilijua kabla ya wote.

Jaji akauliza imekuwaje. Somoe hakulia. Akaokota iliyooza, akaigeuzageuza. "Tumeifundisha kubwa na ndogo tu," akasema. "Iliyooza haijawahi kuiona. Kosa letu, hatukukagua tulizoletewa." Hakutaja zimetoka kwa nani. Wakampigia makofi, lakini wameshindwa. Dodoma wanakwenda wengine.

Nje nikamwambia kosa ni langu.

"Najua, mama. Mbovu zako zilikuwa za kula."

Akacheka yeye, nikalia mimi. Kisha akasema likizo ya Desemba harudi. Wanabaki na mwalimu kuifundisha upya, mwakani wajaribu tena. Akaomba nimtumie mbovu za kweli. Macho yake yanawaka kama ya aliyeshinda. Nikapanda gari peke yangu.

Jumapili, 16 Novemba
Nina hasira. Si na mtoto. Na Desemba. Nilishahesabu anakuja, tutakaa jikoni, atanisimulia. Nimewaza kumpigia niseme naumwa. Angekuja siku hiyohiyo.

Sikupiga. Mimi nimeishia darasa la saba, nikaolewa. Hakuna aliyewahi kunisimamisha mbele za watu akaniuliza imekuwaje, akanyamaza asikilize. Mwanangu kaulizwa, kajibu. Kombe lingekuwa kabatini tu. Jibu hili analo mdomoni.

Jumanne, 18 Novemba
Mama Issa alikuwa anakwenda Masasi. Nimempa mfuko, sikuufunga. Madoa meusi, ukungu, zilizotobolewa na wadudu. Akachungulia, akaniangalia.

"Mama Somoe, hizi nazo za kwako?"

Za kwangu, nikamwambia. Zote.

Somoe kapiga jioni. Zimefika. Wamezimwaga mezani, wenzake wanagombea nani ashike iliyooza kuliko zote. Nilisikia kelele zao, vicheko, mtu anamwita aje haraka. Akasema kwaheri mama.

Nimebaki na simu sikioni, imeshakatika.