Kitenge cha Mapangaboi

Jumamosi, 13 Desemba 2025
Godwin kaanza tena. Mwaka mzima mdogo wangu yuko Dar kimya, ikifika Desemba anakumbuka ana kwao. Kaandika kwenye grupu la familia: kila mtu aseme anataka zawadi gani ya Krismasi. Binti yangu Joyce kataka simu. Mume wangu kataka spika — kiziwi yule! Mama peke yake kasema hataki kitu cha dukani cha kwake. Anataka tuvae sare, kitenge kimoja, twende naye mbele kanisani kutoa shukrani. Wote. Na Tulia. Halafu atatangaza kwamba Tulia ni mtoto wake, na nyumba ya Ibighi anayokaa sasa ataishi humo mpaka afe.

Tulia ni mjane wa kaka yetu Andongwisye. Hana mtoto, anachuma chai, arudi kwao Kisiba. Nyumba ile mimi nimeshaiwekea mpangaji kichwani.

Jumanne, 16 Desemba
Godwin katuma hela, mnunuzi ni mimi. Mjini watu wanagombania maua ya plastiki kwenye mvua, utadhani yanaliwa. Nimechukua kitenge cha damu ya mzee, maua ya dhahabu. Kizuri mno. Cha Tulia nimekitoa kwenye vitenge vilivyokosa wanunuzi: rangi ya ugoro, kimechorwa mapangaboi. Hata kukifanya pazia la jikoni ungeona haya.

Atafika kanisani, atuone sote tumefanana, ajue mahali pake. Namfahamu, ana aibu kupita kiasi. Atabaki kwenye benchi. Na Mama hawezi kumtangaza mtu ambaye hakusimama.

Alhamisi, 18 Desemba
Nimempelekea. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia, hiki nimekuchagulia mimi mwenyewe, wifi. Kapiga magoti kukipokea. Kashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo — machozi yanamtoka. Nilijiuma mdomo nisicheke. Nimekula ndizi zake, nikaondoka.

Jumatano, 24 Desemba
Godwin kafika na gari limejaa maboksi. Joyce kanuna, simu si aina aliyotaka. Spika inapigwa tangu mchana, kichwa kinaniuma. Gauni langu liko tayari, limekaa mwilini barabara. Sijawahi kuisubiri Krismasi hivi.

Alhamisi, 25 Desemba, asubuhi
Mungu wangu.

Tulia hakwenda moja kwa moja kanisani. Kapitia hapa nyumbani kwa Mama, Bulyaga, tunakunywa chai. Kavaa mapangaboi. Kashonewa vizuri, mshenzi. Mkononi ana furushi, karatasi ya zawadi yenye kengele. Kanipa mimi, mbele ya wote.

Gauni. Mapangaboi yaleyale.

Kasema kitenge kilikuwa kirefu. Kasema tangu aolewe kwetu hakuna aliyewahi kumchagulia kitu, basi kaona asikivae peke yake. Kakikata katikati. Vipimo vyangu kavipata kwa fundi. Ni mjinga, au ananicheka? Nilimtazama machoni, sikuona kitu.

Joyce kauliza kwa nini kitenge cha mke wa mjomba si kama chetu. Godwin kaweka kikombe chini.

Mama hakuliangalia gauni. Kaniangalia mimi. Halafu kasema taratibu: Esnath, kavue hilo lako, uvae la mwenzio. Mtanishika mkono, wewe huku, Tulia huku. Na lile neno la nyumba nitakuachia wewe useme, wewe ndiye mkubwa.

Niko chumbani. Nimelivaa. Limenienea kila mahali, yule mwanamke ananijua mpaka kiuno. Kengele ya kanisa imeshapigwa, Godwin kawasha gari. Zipu iko mgongoni, mkono haufiki. Tulia anagonga mlango, anauliza, wifi, nije nikufunge?