Tangi la Lita Mia Tatu

Jumatatu, 2 Juni
Nimefuta kioo, nimeongeza nusu jagi ya maji ya mvua, nimewalisha samaki. Baridi ya hapa Daudi leo si ya kuchezea, hita haijazima tangu alfajiri. Mkuu kala vizuri. Makamu kala alichoachiwa. Kwa samaki hawa jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye nyumba, dume anajijua. Mwaka wa sita sasa tangu niwapakate kwenye basi kutoka Tanga, nilipohamishwa kurudi kufundisha huku kwetu. Wawili tu, rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe. Na matumbawe laini matano.

Tangi lao ni lita sitini. Linawabana. Fundi vioo wa Mbulu mjini kaniahidi la lita mia tatu Alhamisi. Ahadi ya fundi siiamini, lakini nimefurahi hivyo hivyo.

Alhamisi, 5 Juni
Limekuja!

Wanaume sita kulishusha, kila mmoja msimamizi. Baba Eliza, mume wangu, kasimamia kuliko wote na hakubeba kitu. Mama mkwe kalizunguka mara mbili na fimbo yake, akauliza ndama wangapi watakunywa humo. Nikamwambia ni la samaki. Akauliza tutawala lini. Mwaka wa sita ananiuliza hivyo.

Jumamosi, 7 Juni
Nimelijaza maji ya bomba kulijaribu. Linavuja. Kona ya nyuma, tone, tone. Nimempigia fundi simu nikamsema hadi sauti ikakauka. Kaja jioni, kapaka gundi upya, kasema nisubiri siku tatu. Nimempa chai. Hasira zangu zote huishia kwenye chai.

Jumanne, 10 Juni
Halivuji tena, nimeyamwaga maji ya bomba. Shule imefungwa, siku zote ni zangu.

Gwandu, mdogo wake Baba Eliza, kapakia vitunguu saumu kwenye lori kwenda Tanga. Nimempa madumu kumi na tano matupu ayajaze maji ya bahari, mbali na bandari, mahali pasafi. Nimemwambia mara tatu. Kacheka sana. Kasema wenzake wanapeleka mazao wanarudi na mabati, yeye anarudi na maji ya shemeji.

Jumapili, 15 Juni
Gwandu karudi. Madumu kumi. Matano kayaacha Tanga ili magunia ya machungwa yapate nafasi. Nimekasirika. Nimekula machungwa manne nikiwa nimekasirika. Matamu.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepata akili. Mnadani leo kulikuwa na chumvi ya Balangida, ile wanayookota ziwani upande wa Hanang, watu wanalambisha ng'ombe. Chumvi ni chumvi. Nimekoroga madumu matano ya maji ya mvua hadi kipima chumvi kikaelea kwenye mstari uleule wa maji ya Tanga. Nimeyamimina kwenye tangi kubwa pamoja na yale ya Tanga. Yakageuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Vumbi hilo, litatulia.

Aliyesoma sayansi hakosi njia. Najipongeza.

Jumatano, 18 Juni
Yametulia. Tangi linang'aa. Nilikuwa nimeshika wavu kuwahamisha wote, Mama kaingia sebuleni, kakaa, kanitazama.

"Mama Eliza, ng'ombe wako wote unawalaza zizi moja?"

Najua anachosema. Marehemu baba mkwe alikuwa na ng'ombe hapa Daudi, wengine kawakabidhi rafiki yake wa kijiji cha Tlawi, wengine wa Maretadu. Anayetunza anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ulipopita hapa zizi likabaki tupu, na akina Baba Eliza wakalelewa kwa ng'ombe wale wa Tlawi. Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe wote nyumbani anaonekana hana marafiki, au hana akili.

Nilitaka kumwambia samaki si ng'ombe. Lakini mama mkwe habishiwi. Basi Makamu na matumbawe mawili, pamoja na nusu ya mawe ya tangini, wamehamia kwenye tangi kubwa. Mkuu na matumbawe matatu wamebaki kwenye dogo. Sebuleni hapana nafasi ya matangi mawili, tukalipeleka dogo chumbani kwa Mama, kwa kuwa ndiye aliyesema. Nimefanya kwa heshima tu. Kuamini sijaamini.

Alhamisi, 19 Juni
Makamu kajificha nyuma ya jiwe. Ugeni. Nimetuma picha ya tangi kwenye grupu la walimu. Sifa nyingi. Nimezisoma zote mara mbili.

Ijumaa, 20 Juni
Sitaki kuandika, ila naandika.

Asubuhi matumbawe yote mawili yamejikunja kama ngumi. Makamu yuko juu kabisa ya maji, anahema, mdomo wazi. Hita nzima. Pampu nzima. Nimechukua maji kidogo, nimetia dawa ya kupima asidi na besi. Rangi ikapita karatasi ya kulinganishia, hata kule mwisho upande wa besi hakuna rangi yake.

Magadi. Chumvi ya Balangida ina magadi! Haya haya ninayotia kwenye maharage yaive upesi. Kidato cha pili wanalijua hilo, nimewafundisha mwenyewe, kwa chaki, ubaoni. Kipima chumvi kinapima chumvi tu, na mimi nikakiamini kama shahidi wa mahakamani. Mwalimu wa baiolojia. Aibu yangu.

Nimemtoa Makamu, nikamtia kwenye ndoo na maji yake yale yale. Kumtia ghafla kwenye maji mazuri nako ni kumuua, kwa hiyo nimechukua mpira wa dripu na kudondosha maji ya tangi dogo ndani ya ndoo, tone kwa tone, saa tatu nzima. Mama kashika ndoo. Hakuuliza tutamla lini.

Ametiwa kwa Mkuu saa nane mchana. Kalala chini, ubavu. Nimelia kwa ajili ya samaki wa urefu wa kidole. Basi, nimelia.

Jumamosi, 21 Juni
Yuko hai. Hali chakula. Nimemwambia Mama kosa ni langu, kwamba nimewalisha samaki chumvi ya ng'ombe. Kacheka hadi kapaliwa. Halafu kaniambia pole, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Kashinda kwenye kigoda mbele ya kioo. Mkuu anamzunguka mumewe, anampepea kwa mapezi. Siku zote namsema huyo jike kwa ubabe. Leo sina neno naye.

Jumapili, 22 Juni
Kanisani nimeomba. Sikusema ni kwa ajili ya nani.

Bado hali chakula.

Jumatatu, 23 Juni
Amekula! Mama kaja kuniita jikoni, anatembea bila fimbo. Chembe moja ya dagaa kamba, akatema, akaifuata, akameza. Nimemkumbatia Mama mkwe. Sijui nani alishtuka zaidi.

Matumbawe mawili ya tangi kubwa yamekufa. Inauma. Nilikuwa nayo tangu Tanga. Lakini kama wavu wangu ungetangulia neno la Mama ile Jumatano, leo ningekuwa nazika kila kitu.

Jumamosi, 28 Juni
Gwandu tena. Safari hii madumu kumi na tano, nimeyahesabu kabla hajashuka kwenye lori. Yote ya bahari. Na konokono wanne wa kusafisha kioo, zawadi, ndiyo toba yake ya machungwa. Baba Eliza kamwaga maji ya magadi na kuosha tangi na mawe mara nne, bila kusimamia mtu yeyote. Nimepima kila kitu. Nimepima tena. Chumvi iliyobaki kapewa ng'ombe, ndiye mwenyewe.

Jumatano, 2 Julai
Vipimo vizuri siku ya tano. Nimekata vipande viwili vya matumbawe kutoka tangi dogo, nimevipanda kwenye tangi kubwa. Vimefunguka. Konokono wamejaa furaha, wana bahari nzima peke yao. Jumapili nawahamisha Mkuu na Makamu. Nimengoja vya kutosha.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya ibada nimechukua wavu na ndoo, nikabisha chumbani kwa Mama. Shikamoo, marahaba. Yuko kwenye kigoda chake. Mkuu na Makamu wako palepale mbele ya uso wake, wanamtazama yeye, si mimi niliyewalisha miaka sita.

Nikamweleza kwamba tangi kubwa sasa liko salama, nimekuja kuwachukua. Kasema aliyeponyesha ng'ombe wa mtu hanyang'anywi kabla hajanywa maziwa.

Nikamuuliza samaki wana maziwa gani.

"Kuwatazama," kasema.

Nimeweka wavu chini. Kasogeza kigoda kidogo, nikakaa kando yake kwenye mkeka hadi saa ya chakula.