Sifuri kwa maneno ya Padri

Rafiki yangu Télesphore, saa nne na robo asubuhi Padri Adalbert amenirudishia uchambuzi wangu wa shairi la Kiingereza. Sifuri juu ya ishirini. Sifuri!

Niliandika yote aliyoyasema darasani, neno kwa neno, kama katekisimu. Kwenye katekisimu si ndivyo tunavyopata ishirini?

Akaniuliza mbele ya wote: "Hizi ni maneno yangu. Yako iko wapi?"

"Mon père," nikamjibu Padri, "mimi ni nani nikuongezee?"

Wakacheka. Isidore wa dawati la nyuma akasema: "Kasuku ya Mwenga!"

Yako iko wapi! Nani alishatuomba yetu? Nisipopata kumi, nafukuzwa, narudi Mwenga kuchimba dhahabu na baba.

Padri akafungua shairi. "Huyu mjane anafua shati ya bwana yake. Bwana alikufa. Juu ya nini anafua?"

"Labda anaogopa kazi itaisha."

"Imeandikwa wapi?"

Nilikuwa nimekasirika, nikamjibu bila kufikiri: "Haikuandikwa, mon père. Lakini anaifua katika kila ubeti, na hakuna ubeti ambamo anaianika."

Akapitisha kidole kwenye kila ubeti. Kisha: "Andika hiyo."

Amenipa karatasi mpya. Sifuri hajaifuta.