Karatasi Iliyoshonwa kwa Uzi Mweupe

Ndugu yangu Sefu,

Barua huanza kwa kuulizia hali ya anayeandikiwa. Swali hilo nimeliacha, kwa kuwa sijui lingejibiwaje, nawe hukupenda maswali yasiyo na jibu mezani pako. Nianze na hali yetu. Meza yako ya kukatia nguo ingali katika chumba cha mbele, hapa Kariakoo. Cherehani imesogezwa ukutani. Mdogo wako Hadija, aliyekuja kutoka Kilwa kwa arobaini yako na akabaki, anashona sare za shule pale ulipokuwa ukiketi. Kila Jumamosi baada ya alasiri anakunja kazi yake, anapangusa meza kwa kitambaa kibichi, kisha anatuachia. Hatukumwomba.

Kwa hiyo mchezo unaendelea. Najua hili ndilo ungeuliza kwanza.

Niruhusu niuweke mchezo wetu kwa mpangilio, si kwa kuwa umeusahau, bali kwa kuwa siwezi kulijadili jambo kabla ya kuliweka mahali pake. Uliupata kwa baharia mgeni aliyekuletea koti lishonwe. Akisubiri, alikusimulia kwamba kwao watu huizunguka meza, kila mmoja akamchukua mtu wa kubuni, na mmoja wao akasimulia ulimwengu ambamo watu hao wanatembea. Wa kwao ulikuwa na majoka na majumba ya mawe. Wewe uliyaondoa yote. Ulituuliza majoka ya nini, na foleni ya sukari ipo. Ukachora mezani, kwa chaki yako ya fundi, Kariakoo yenyewe, mtaa kwa mtaa, kisha ukaongeza mtaa mmoja ambao haupo.

Kila mtu wetu wa kubuni alikuwa kifungo. Mama Anna, muuza maandazi kutoka Masasi, alichagua cheupe, akawa nahodha wa meli. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja kuhoji ni mkutano gani huu unaofanyika kila wiki bila yeye kuarifiwa. Alisimama mlangoni, akaketi, na kabla jua halijazama alikuwa mwizi mwenye kifungo chekundu. Hajakosa Jumamosi hata moja tangu hapo. Mimi, mchora ramani, nilikuwa kadhi mwenye kifungo cheusi cha matundu manne, nami ndiye niliyenakili sheria kwenye daftari. Ndiyo maana uliniita Bwana Rula. Dadu ulizikataa, majirani wasije wakasema tunacheza kamari. Tukaviringisha penseli ya pande sita, uliyoichanja alama kwa wembe, moja hadi sita. Na yaliyokuwa nyuma ya kila mlango, au moyoni mwa kila mkazi wa mji ule, uliyaandika kwenye karatasi, ukaikunja, ukaishona kwa uzi mweupe. Uzi haukukatwa mpaka mmoja wetu afungue mlango huo au amsalimu mkazi huyo.

Kulikuwa na mkazi mmoja ambaye hatukuwahi kumfikia. Mzee wa Chemli, ulimwita. Aliketi barazani mwishoni mwa mtaa usiokuwepo, taa yake ikiwaka hata mchana. Kila mchezo ulipoanza ulimviringishia penseli: ikilala na alama sita juu, yupo, vinginevyo hayupo. Alipokuwepo uliweka kifungo cha shaba mahali pake, usiseme neno. Alikuwepo mara chache.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Ulisema, "Leo tuishie hapa, mwili hauko sawa." Kadhi wangu alikuwa ndani ya mlango uliokwisha kufunguliwa. Nikalifungua daftari, nikakusomea sheria ya nne: mlango uliofunguliwa haukatishwi. Sikukusihi, Sefu. Nilikusomea. Ukatabasamu, ukasema, "Haya, Bwana Rula," ukaketi tena, na tukacheza zaidi ya saa nzima huku ukijifuta jasho kwa mabaki ya kitambaa. Jumanne ulipelekwa hospitali, homa imekwisha kupanda kichwani. Alhamisi tulikuzika. Nilimuuliza muuguzi mmoja iwapo saa moja ya mapumziko ingebadili kitu. Alijibu kwamba hakuna awezaye kujua. Lilikuwa jibu sahihi. Sijapata kulichukia jibu sahihi kiasi kile.

Wenzetu walinikabidhi usimulizi kwa sababu najua sheria. Nikakirudisha kifungo changu cheusi mkebeni, kwani msimulizi hana kifungo. Jumamosi ya kwanza nilimviringishia Mzee wa Chemli penseli kama ulivyozoea. Ikalala na alama sita juu. Nikaweka shaba mahali pake. Jumamosi ya pili, sita. Ya tatu, sita. Ilipofika ya tano, Mama Anna alikuwa haitazami tena penseli. Alikuwa akinitazama mimi.

Unanijua. Niliichukua penseli nyumbani, nikaiviringisha juu ya ubao wangu wa kuchorea mpaka kiganja kikawa cheusi, nikiandika kila tokeo. Haikupendelea upande wowote. Nikairudisha mezani pako. Sita.

Kuna jingine, nalo nitalieleza bila kulipamba. Pale ambapo mtaa wako wa kubuni ungechomoza, kama ungekuwepo, ni kiwanja kitupu kilichobaki baada ya nyumba kubomolewa. Jumatano moja saa sita mchana nilipita hapo nikienda kupanga foleni ya unga dukani kwa ushirika. Juu ya kasha lililogeuzwa palikuwa na chemli inayowaka. Hapakuwa na mtu. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani mjini wiki ile. Hakuna ambaye angeyachoma juani. Nilisimama mpaka foleni ikanipita. Mwali ulisimama wima, ingawa upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi miguuni pangu.

Tangu hapo sote watatu tulianza kufanya jambo ambalo hatukukubaliana kwa maneno. Kila njia yetu ilipoelekea barazani kwake, tulizunguka. Nahodha alikumbuka meli yake, mwizi alikumbuka dirisha la mtaa mwingine. Siku moja tu Mama Anna alilitaja. Aliniambia, kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye msimulizi sasa. Msemee basi, tumsikie."

Hapo ndipo penye uzito wa barua hii. Mzee yule akisalimiwa, msimulizi ndiye angemjibia. Ningeweza kumfanya aseme lolote. Ningeweza kumfanya aseme, bila mtu yeyote kutambua, neno moja ambalo tangu Alhamisi ile nalitaka kuliko chakula. Nalo lingetoka kinywani mwangu, nami ningelijua. Ndiyo maana nilizunguka kuliko wote.

Hadija tulisahau kumwambia kwamba baraza ile huzungukwa. Aliomba kucheza, akachukua kifungo cha buluu, akawa fundi wa nguo tu, kama alivyo. Jumamosi iliyopita penseli ililala sita, nikaweka shaba, na kifungo cha buluu kikatembea moja kwa moja hadi mwisho wa mtaa, kikasimama mbele ya baraza.

"Shikamoo," alisema Hadija.

Aliisema kama alivyokuwa akikwambia wewe, bila kujitayarisha. Mama Anna alikiweka chini kikombe chake. Mjumbe aliangalia mikono yake. Wote walikuwa wakiningoja, na neno la kuitikia lilikuwa tayari ulimini mwangu, na nyuma yake lile jingine.

Nikachukua mkasi wako. Nikakata uzi wa karatasi ya mzee yule.

Mwandiko ulikuwa wako, wino umefifia. Uliandika karatasi ile kabla hujaugua, pamoja na nyingine zote. Nilisoma kwa sauti: "Hajibu. Anasikia. Anayemsalimu aketi naye mpaka atosheke, kisha aondoke bila kuaga."

Hadija akakisogeza kifungo chake kando ya shaba. Cheupe kikafuata, halafu chekundu. Ndipo nikatia mkono mkebeni, nikatoa kadhi wangu, nikamweka nao. Ni sheria ya kwanza kuivunja maishani mwangu. Nikasema mbele yao, nikiutazama mtaa wa chaki, kwamba siku ile ulisema mwili hauko sawa, nami nikakusomea daftari. Hadija alikuwa hajui.

Akasema, "Kaka hakuwa mtu wa kukalishwa. Alikaa kwa kuwa alitaka kukaa."

"Kweli," alisema Mjumbe. "Mimi nilikuja kumsimamisha, akaishia kunifanya mwizi."

Tukaketi. Vifungo vitano, na sisi wanne, hatusimulii chochote. Sitasema kwamba nilisamehewa. Karatasi yako haikuniruhusu kusema hivyo, na Hadija alisema alichokijua yeye. Nasema tu kwamba nilisikilizwa. Chumba kilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, na katika nyumba ile hakukuwa na tone.

Nilirudi nyumbani kwa kupitia kiwanja kile, jua likiwa bado juu. Chemli ilikuwa pale juu ya kasha, imezimwa. Niligusa kioo chake. Kilikuwa cha moto.

Leo ni Jumamosi tena. Penseli imelala na alama mbili. Nilikishika kifungo cha shaba kwa muda kabla ya kukirudisha mkebeni, na nakiri kwamba sikufurahi, ingawa jana ningedhani ningefurahi.

Nimeifuta sheria ya nne. Mahali pake nimeandika kwamba yeyote akisema amechoka, chaki iwekwe chini papo hapo, hata mlango ukiwa wazi. Nakuahidi na jambo la pili: maadamu meza hii ni yangu kuisimulia, hakuna neno litakalotiwa kinywani mwako, liwe zuri kiasi gani. Utakapokuwepo utakaa, nasi tutakaa.

Barua hii nitaikunja mara tatu. Hadija amenitungia sindano kwa uzi wako, kwani macho yangu hayaoni tena tundu lake, na nitaishona kama ulivyoshona nyingine, kisha niiweke chini ya kifungo cha shaba. Wewe unajua karatasi yako inaagiza nini baada ya hapo.

Nimeketi nawe vya kutosha kwa leo. Nanyanyuka.

Bwana Rula