Mkate wa Muhogo na Bosi Mmoja

Kasulu, Jumamosi, Novemba 1974

Mvua imenyesha tangu alfajiri na barabara ya kwenda Kigoma imekuwa tope tupu. Kwa kawaida siku kama hii ningenuna. Leo sijanuna. Nimechoka, mikono inanuka hamira, na nina furaha ambayo nimeificha mbele za watu mchana kutwa.

Tumepona.

Niandike vizuri, maana wiki hizi zimepita mbio. Lori lililokuwa linatuletea unga wa ngano limekosa dizeli, na hata likipata, linarudi na magunia machache ya kugombania. Wenye viduka vya mikate huku milimani wanafunga mmoja baada ya mwingine. Kibondo wameshafunga. Mzee Salehe, mwenye tanuri hili ninalosimamia, alikuwa anataka kupunguza watu, na wa kwanza kwenye mawazo yake alikuwa Bukuru, mkandaji wetu. Bukuru ana watoto wadogo na amekanda unga hapa tangu tanuri lijengwe.

Mimi nikasema tuchanganye ngano na muhogo. Muhogo haututupi, kule kijijini Kitanga umejaa, na hauhitaji lori, baiskeli inatosha.

Wazo lilikuwa zuri. Mkate wa kwanza ulikuwa mbaya sana. Ulilala chini kama tofali, na ukiukata unamomonyoka.

Nilijua kosa halikuwa kwenye muhogo peke yake. Nilikuwa nimemwambia Bukuru aweke maji kidogo. Mzee akapita nyuma yangu akamwambia aongeze. Yonasi, anayechochea moto, nilimwambia asibanduke tanurini. Mzee akamtuma sokoni. Moto ukapoa, donge likalegea, kisha Mzee huyohuyo akasimama mlangoni akafoka kwamba watu wake hawajui kazi.

Kule Moshi, kwenye kozi ya uongozi, mkufunzi wetu alikuwa akirudia mambo yaleyale mpaka tunasinzia: mtu mmoja apokee amri kwa bosi mmoja, kila mtu ajue kazi yake, panga kwanza, ndipo uanze, usimfukuze mtu uliyemfundisha kwa sababu tu una hofu. Wakati ule niliona ni maneno ya watu wenye viwanda vikubwa. Siku ile, nikiwa nimeshika mkate ulioshindwa, niliona yamesemwa kwa ajili ya chumba hiki chenye moshi.

Tatizo ni kwamba bosi wa pili alikuwa mwenye mali.

Nilimwomba tuzungumze stoo. Nilifunga mlango. Mzee Salehe ni mtu wa Tanga, amenizidi umri mara mbili, na ndiye aliyenipa kazi wakati wengine walisema mwanamke hawezi kusimamia wanaume.

"Mzee wangu, naomba unisamehe kwa nitakalosema. Bukuru ana mabosi wawili. Mkate umeharibika hapo."

"Bosi wa pili ni nani?"

"Ni wewe, Mzee."

Alivuta gunia akakaa.

"Tanuri langu, Bi Perpetua."

"Ni lako, Mzee. Mimi nataka liendelee kuwa lako. Nipe wiki mbili. Ukiona kosa, niambie mimi, usimwambie mtu mwingine. Na asifukuzwe mtu. Ikishindikana, wa kwanza kuondoka ni mimi."

Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, na likishatoka haliwezi kurudi.

"Haya," akasema. "Wiki mbili."

Nikapanga. Bukuru akande tu. Yonasi asitoke kwenye moto kwa sababu yoyote. Tukaacha kuharibu donge zima. Tukajaribu kidogokidogo, tukibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Tulipunguza muhogo, bado. Tukachekecha unga kwa kitambaa chembamba, mkate ukaanza kunyanyuka. Tukaacha donge liumuke muda mrefu zaidi karibu na joto.

"Dada, huu umekubali!" Bukuru aliita siku ya Alhamisi, na mimi niliyejifanya mtulivu nilikimbia.

Mzee alitimiza ahadi, ingawa ilimuuma. Siku moja nilimwona amesimama mlangoni ameziba mdomo kwa kiganja. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote.

Leo asubuhi tulifungua dirisha la kuuzia bila kumdanganya mtu. Nilimwambia kila mteja: huu una muhogo. Mama mmoja wa Munanila aliumega palepale, akatafuna taratibu, watu wote wanamtazama.

"Ehe," akasema, "huu unashibisha. Nipe na mwingine."

Kabla ya adhuhuri rafu zilikuwa tupu. Hospitali nayo imetuma mtu kuomba tuwapelekee kila siku. Hakuna atakayefukuzwa. Nilipomwambia Bukuru, aliinama akaendelea kukwangua beseni ambalo lilikuwa safi tayari.

Tulipokuwa tunafunga, Mzee Salehe alikuja, akavua kofia yake, akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Bi Perpetua, kila mtu humu ana kazi yake. Mimi Jumatatu nafanya ipi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Mzee, hakuna anayekushinda kuzungumza na watu. Nenda Kibondo, kawafundishe wale waliofunga jinsi tulivyofanya."

"Wakifungua si watakuwa washindani wetu?"

"Watanunua muhogo pamoja na sisi. Tutaagiza mwingi, wakulima watatupunguzia bei."

Alicheka mpaka akakohoa. Atakwenda.

Sijui ngano itarudi lini, wala kama muhogo utabaki rahisi watu wengi wakiugundua. Hayo nitayapangia wakati wake. Kesho ni Jumapili: nitakwenda kanisani, nitalala mchana, na sitafikiria mkate hata kidogo.

Nitajaribu.