Ng'ombe Aliyeangalia Kamera

Mupwa wangu Espérance,

Mama yako anakusalimia. Hapa Nyamitaba tuko wazima, na maharagwe yangu yanakaribia urefu wa kanisa.

Unaniuliza kama yule Muhispania wa filme za zamani, acteur, muigizaji aliyegeuka muongozaji, hakulilia sura yake ilipoacha kuonekana. Kumbe na wewe huko Goma wanataka uache kuigiza uongoze filme, unaogopa hautaonekana tena.

Mimi nilikuwa acteur mukubwa kuliko wote wa Masisi. Vijana wa parokia walitengeneza filme ya ndoa, bwana arusi alikuwa njo mimi. Ng'ombe wa mahari alipaswa kwenda kwa baba mukwe. Lakini nilikuwa ninamukamua kila asubuhi, basi alinifuata mimi tu.

"Kaka, toka hapo!" mwenye kamera akapaaza sauti. "Huyu ng'ombe anataka akuoe wewe!"

Nikamuvalisha rafiki yangu Bahati koti langu awe bwana arusi, nikasimama nyuma ya kamera, nikaita ng'ombe kwa jina lake. Akakuja polepole mpaka kwa baba mukwe, macho kwenye kamera.

Mpaka leo kila muntu akitazama filme ile anasema: "Huyu ng'ombe ananiangalia mimi." Ninacheka. Alikuwa anaangalia mujomba wako, nyuma ya kamera.