Ufunguo wa Gari Lako

Ponce, Jumanne

Kaka Wilfredo,

Sisi hatujambo. Mama amepika pasteles nyingi, zile za ndizi na nyama unazozipenda, kana kwamba hukuhamia Orlando.

Baba amefunga pampu kubwa ya mafuta kwenye gari lako la mashindano. Pampu inasukuma kwa nguvu, na mpira wa zamani unaopitisha mafuta unavuja petroli juu ya injini. Nilimwambia aubadilishe. Akafoka, "Mpira huo aliufunga kaka yako kabla hajaondoka. Hautoki! Wewe shika tochi."

Desturi yetu unaijua: aliyefunga pampu hukaa kando ya dereva katika mbio za kwanza. Ni Jumapili ya wiki ijayo. Kofia ya mbio Baba ameshaijaribu.

Tangu asubuhi anatafuta ufunguo huku akinitukana. Umo ndani ya bahasha hii. Njoo uung'oe mpira wako mwenyewe.

Dada yako,
Migdalia